Nyuki Nao Hukaguliwa: Afisa Hutafuta Nini Mzingani

Mfugaji akiarifiwa kwamba afisa wa mifugo atapita bomani kuangalia ng'ombe, hashtuki. Akiarifiwa kwamba atapita kuangalia mizinga, maswali huanza: nyuki nao huugua? Na je, kuna ada itakayotozwa? Hofu hiyo ya pili ina chanzo chake. Mswada wa Mifugo wa mwaka wa 2021 ulipendekeza kwamba anayefuga nyuki kwa biashara asajiliwe. Pendekezo hilo lilipingwa vikali na mswada haukuwa sheria. Hata hivyo, ukaguzi wa afya ya nyuki ni jambo tofauti na usajili, na linafaa kueleweka kivyake.

Jadwali la Nne la Katiba ya 2010 lilikabidhi kaunti kazi ya ufugaji na ya kudhibiti magonjwa ya mifugo. Ndiyo maana anayefika shambani ni afisa wa kaunti, ilhali sera ya taifa na ulinzi wa mipaka vimebaki mikononi mwa serikali kuu. Na nyuki huugua kweli. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani lina orodha ya magonjwa na wadudu sita wa nyuki ambao nchi wanachama hutakiwa kutoa taarifa wakionekana.

Miongoni mwa hao sita, anayejulikana zaidi nchini ni utitiri wa varoa. Ni mdudu mwekundu wa kahawia, mdogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, anayejibana mwilini mwa nyuki na kuzaana ndani ya vijumba vya majana. Aliripotiwa Kenya mwaka wa 2009. Watafiti waliozunguka maeneo 24 ya nchi, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2014, walimkuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini ya mbali. Jambo la kutia moyo ni kwamba hawakuona dalili kuwa makundi yaliyokuwa na varoa yalikuwa madogo kuliko mengine, ingawa wafugaji hawakuwa wakitumia dawa yoyote. Nyuki wetu humstahimili, tofauti na wale wa Ulaya na Marekani ambao bila matibabu makundi yao mengi hufa.

Kwa hivyo afisa akikuta varoa wachache haamuru mzinga uchomwe, wala mfugaji hana haja ya kukimbilia duka la dawa. Anachotaka ni idadi. Huchukua takriban nusu kikombe cha nyuki, yaani kama 300, akihakikisha malkia hayumo. Huwatia katika mtungi wenye kifuniko cha wavu, akawamwagia sukari laini ya unga, akawaviringisha taratibu na kuwaacha dakika chache, kisha akaukung'uta mtungi juu ya karatasi nyeupe. Utitiri huanguka pamoja na sukari. Ukihesabu 9, gawanya kwa 3: ni utitiri 3 kwa kila nyuki 100. Nyuki hurudishwa mzingani wakiwa hai, na wenzao huwalamba sukari hiyo. Mfugaji anaweza kufanya kipimo hiki mwenyewe na kuandika tarehe na idadi daftarini. Daftari la namna hiyo humsaidia afisa kuliko maelezo ya mdomo.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni uozo wa majana, hasa ule unaoitwa wa Kimarekani. Husababishwa na bakteria wanaojifunika gamba gumu na kuweza kukaa zaidi ya miaka 30 katika masega makuukuu na mbao za mzinga. Vifuniko vya vijumba hubonyea na kutoboka, rangi hukoza, na mzinga hutoa harufu mbaya. Afisa huchoma kijiti cha kiberiti ndani ya kijumba kinachoshukiwa na kukivuta polepole. Kikitoka na uzi wa kamasi ya kahawia wenye urefu wa sentimita 2 au zaidi, mashaka huwa makubwa na sampuli lazima iende maabara. Dawa za kuua bakteria hufunika dalili tu, kwa kuwa haziui wale waliojifunika gamba, na mabaki yake huingia kwenye asali. Umoja wa Ulaya haununui asali kutoka nchi isiyo na mpango ulioidhinishwa wa kupima mabaki ya dawa. Kosa la mfugaji mmoja laweza kuwafungia soko wengi.

Afrika Kusini, ambako nyuki ni wa ukoo mmoja na wetu, ugonjwa huu ulithibitishwa katika jimbo la Western Cape mwaka wa 2009. Nchi hiyo ilikuwa tayari inataka asali ya kutoka nje ipitishwe kwenye miale ya kuua vijidudu kabla ya kuuzwa. Sababu ni rahisi: chupa iliyobaki na asali ikitupwa jalalani, nyuki huja kuiramba na kubeba vijidudu hadi kwao. Kwa hiyo asali ya dukani isiyojulikana ilikotoka isilishwe nyuki wakati wa kiangazi. Vilevile mizinga na masega yaliyotumika yasinunuliwe bila kujua historia yake.

Sasa kuna ugumu ambao vitabu vingi vya ukaguzi havigusii. Vimeandikwa kwa ajili ya mizinga ya Langstroth, ambayo kila fremu hutoka na kurudi. Kwetu, mizinga mingi ni ya magogo, imetundikwa mtini, na masega yameshikamana na gogo lenyewe. Kuyatoa ili kuyakagua ni kuyavunja, na nyuki waliovunjiwa masega ya majana huenda wakahama usiku huohuo. Mzinga wa KTBH, uliobuniwa nchini miaka ya 1970, ulipunguza tatizo hili, maana kila sega huning'inia kwenye kijiti chake na huinuliwa peke yake. Kwa mzinga wa gogo, ukaguzi mzuri ni ule unaofanywa siku ya kurina. Anayerina, kwa desturi, huacha sehemu ya majana. Aitazame kabla ya kufunga: je, majana ni meupe na yamejaa, au kuna vijumba vitupu vimetawanyika ovyo? Chini ya mti nako kuna habari. Nyuki wanaotambaa ardhini wenye mabawa yaliyokunjamana ni dalili ya kirusi kinachoenezwa na varoa.

Rundo la nyuki waliokufa kwa ghafla mlangoni mwa mzinga, wengi wakiwa wametoa ulimi, si ugonjwa. Mara nyingi ni sumu ya kunyunyizia mimea. Hapa ndipo majirani hugombana, na ndipo mkaguzi anahitajika upesi, kwa kuwa baada ya siku chache ushahidi huwa umeoza. Nyuki hao wawekwe kwenye barafu au friza wakiwa wabichi, na jina la dawa iliyonyunyizwa liandikwe ikiwa linajulikana, pamoja na siku na saa. Mkulima anayenyunyiza jioni, nyuki wakisharudi, na anayemjulisha jirani mapema, huepusha kesi nyingi.

Mfugaji naye ana haki ya kumkagua mkaguzi. Glavu, kisu na bomba la moshi vilivyotoka kwa jirani vyaweza kubeba ugonjwa. Ni halali kumtaka afisa aoshe vifaa vyake na kupitisha kisu motoni kabla ya kufungua mzinga wa kwanza.

Kama afisa hawezi kufika haraka, sampuli inaweza kupelekwa ofisi ya mifugo ya wadi ili itumwe maabara. Maabara ya rejea ya afya ya nyuki kwa Afrika ilifunguliwa mwaka wa 2014 katika kituo cha icipe, Nairobi. Nyuki wa kupimwa utitiri huwekwa katika chupa ndogo yenye spiriti. Kipande cha sega lenye majana, ukubwa wa kiganja, hufungwa kwa gazeti au karatasi ya kaki. Kisifungwe kwa plastiki, kwani huota ukungu njiani. Juu yake huandikwa kijiji, wadi, tarehe, aina ya mzinga na dalili iliyoonekana.