Siku mbili Évora

SWALI: Mimi na mke wangu tutakuwa Lisbon mwezi Juni, na tuna siku mbili za ziada. Tumeambiwa twende Évora. Je, inafaa, na tulale wapi?

JIBU: Nendeni, na mlale huko. Iko takriban kilomita 130 mashariki mwa Lisbon, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni. Wengi huenda asubuhi na kurudi jioni, wakaikosa saa ambayo mji huo hupendeza zaidi: jua likishazama na mabasi ya watalii yakiondoka.

Mji mkongwe umezungukwa na ukuta, na UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Anzeni na hekalu la Kirumi. Watu hulihusisha na mungu wa kike Diana, ingawa yaelekea lilijengwa kwa heshima ya mfalme wa Roma. Kanisa la São Francisco lina chumba ambacho kuta zake zimefunikwa mifupa ya binadamu. Maandishi ya mlangoni yanasema mifupa hiyo inaisubiri yenu. Mwenye moyo mwepesi asiingie.

Kando ya hekalu kuna hoteli iliyokuwa nyumba ya watawa wa Lóios. Vyumba ni vidogo, maana vilikuwa vya watawa, na bei si ndogo. Nyumba za wageni za vichochoroni zina nafuu.

Mwishoni mwa Juni kuna Feira de São João, sherehe ya muziki na vyakula. Wekeni nafasi mapema, na mchana jifichieni kivulini. Joto la eneo hili la Alentejo ni kali.