MWANAMKE WA MATANGAZO
Somo la mwezi. Soma Mithali 31:10–31.



Chuoni tulikuwa tukiwaambia walimu wanafunzi: kabla hujafundisha maneno ya kitabu, tazama picha zake. Baba amekaa kitini anasoma gazeti, mama yuko jikoni, Juma anacheza mpira, dada yake anafagia. Mtoto asiyejua hata herufi moja amekwisha kufundishwa.

Matangazo ya biashara hufundisha vivyo hivyo. Likiwa la sabuni ya kufulia, mwanamke atakuwapo, anatabasamu mbele ya beseni kana kwamba hajapata kuumwa mgongo. Na mara nyingi sauti inayomweleza jinsi ya kufua ni ya mwanamume! Likiwa la trekta au la mkopo wa benki, aghalabu tutaonyeshwa mwanamume. Lakini ninyi mnajua huko mashambani ni mikono ya nani ishikayo jembe wakati wa palizi.

Baya zaidi, kwa maoni yangu, ni la krimu za kung'arisha ngozi. Huko India matangazo ya Fair & Lovely yalirudia hadithi moja miaka mingi: msichana mweusi hana kazi wala mchumba; akijipaka, anapata vyote viwili. Mwaka 2020 kampuni ya Unilever iliondoa katika jina neno lile la weupe, ikaiita Glow & Lovely. Krimu yenyewe ikaendelea kuuzwa.

Habari nazo si afadhali sana. Uko uchunguzi wa vyombo vya habari vya dunia, ulioanza 1995 na kurudiwa kila miaka mitano, unaoratibiwa na WACC, shirika la Kikristo la mawasiliano. Mwaka 1995, katika kila watu 100 waliosikika au kutajwa katika habari, wanawake walikuwa 17. Mwaka 2020 walikuwa 25.

Sasa turudi kwenye Mithali. Sura hii tunaisoma sana siku za Umoja wa Akina Mama, lakini hukomea kwenye kuamka usiku na kulisha nyumba. Aya ya 16 je? Anaangalia shamba, analinunua, analipanda mizabibu kwa mapato yake mwenyewe. Aya ya 24 anawauzia wafanya biashara nguo alizozitengeneza. Aya ya 26 anafumbua kinywa na watu wanapata hekima. Rangi ya ngozi yake haitajwi popote. Cha mwilini mwake kinachosifiwa ni mikono yenye nguvu. Na angalieni aya ya 1: ni mafundisho ya mama kwa mwanawe wa kiume, mfalme Lemueli. Somo hili alipewa kijana, si binti.

Wanaume wasidhani haliwahusu. Uingereza, Agosti 2019, tangazo la jibini lilizuiwa kwa kuonyesha akina baba wanaoshindwa kuangalia watoto wachanga.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi:

1. Wiki hii hesabu matangazo matano. Mwanamke anafanya nini? Nani anasema?
2. Soma Matendo 16:14–15. Lidia angewekwa katika tangazo la bidhaa gani leo?
3. Katika nyumba yako, mtoto wa kiume ameonyeshwa kazi zipi?