Maswali ya Kuvunja Kufuli: Yapi Tuyajibu, Yapi Tuyakatae?



Somo la robo hii linahusu jambo linalowagusa vijana wetu wanaojifunza ufundi wa simu na kompyuta. Kuanzia Mchikichini, penye soko la mitumba, hadi mitaa ya Kariakoo kama Aggrey na Msimbazi, fundi simu ni mtu wa muhimu. Mezani kwake huja kioo kilichopasuka, chaji iliyoharibika, na pia maswali: “Fundi, nitoe loki hii.” “Nisaidie kusoma meseji za mke wangu.” “Unaweza kubadilisha IMEI?” Maswali hayohayo kijana huyasikia darasani kwa wenzake. Ajibu nini?

Kuna wanaoshauri kwamba kila swali la udukuzi likataliwe. Ushauri huo una nia njema, lakini unamfukuza mama aliyesahau nywila ya simu yake mwenyewe, na huyo ataishia kwa fundi asiyeuliza lolote. Wengine husema ujuzi ni ujuzi tu, fundi atoe jibu kwa yeyote mwenye hela. Huyu naye anasahau kwamba tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa pochi ya familia nyingi. Anayefungua simu ya mtu anafungua akiba yake, ada za watoto wake na siri za nyumba yake.

Funzo kutoka kwa mafundi wa kufuli

Mjadala huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alifungua kufuli ya Chubb iliyosifiwa kuwa haifunguki bila ufunguo wake. Kisha akaifungua ya Bramah, iliyokuwa imewekwa dirishani kwa miaka mingi pamoja na zawadi ya gini 200 kwa atakayeiweza. Ilimchukua zaidi ya saa 50 za kazi, zilizogawanywa katika siku 16. Wako waliolalamika kwamba anawafundisha wezi. Jibu la waliomtetea lilikuwa kwamba wezi huujua udhaifu wa kufuli mapema, na anayebaki gizani ni mwenye nyumba.

Tuangalie kwa makini alichofanya Hobbs. Alizijaribu kufuli zilizotolewa zijaribiwe, kwa ruhusa ya wenyewe. Hakwenda usiku kwenye mlango wa jirani. Mikono ilikuwa ileile na ujuzi uleule. Kilichomtenga na mwizi ni ruhusa.

Maswali matatu ya kupimia

Kwa hiyo tunapendekeza kila kijana ajizoeze kuuliza mambo matatu kabla ya kujibu. Kwanza, chombo hiki au akaunti hii ni ya nani? Pili, mwenyewe anajua na amekubali? Tatu, jibu langu likitumika vibaya, nani ataumia? Tuyapime kwa mifano.

Aliyesahau nywila. Huyu asaidiwe, ila aoneshe kuwa simu ni yake. Namba ya IMEI iliyo kwenye boksi ilingane na iliyo kwenye simu, na risiti iwepo. Aliyenunua kwa mtu awe na maandishi ya mauziano. Asiye na chochote aelezwe kwa upole arudi na ushahidi, hata kama anaongeza bei. Kupandisha bei hakuthibitishi kwamba simu ni yake.

Anayetaka kusoma meseji za mwenzi wake. Huyu akataliwe. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake binafsi, na ndoa haiifuti ibara hiyo. Zaidi ya hapo, swali lake halisi si la simu. Ni la uaminifu uliotikisika, na hilo linahitaji wazee au mshauri wa ndoa. Meseji zilizosomwa kwa wizi zimewahi kuleta vipigo katika nyumba nyingi, na fundi hawezi kujua mapema nyumba ipi.

Anayetaka IMEI ibadilishwe. Huyu pia akataliwe. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia. Tunaelewa uchungu wa aliyenunua simu kwa jasho lake bila kujua kuwa ni bandia. Hata hivyo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kubadili namba hiyo, kwa sababu ndiyo inayowezesha simu iliyoibwa kufungiwa. Fundi anayeibadilisha anamsaidia mwizi kuuza. Tumfundishe mnunuzi kubonyeza *#06# na kuihakiki namba kabla hajatoa fedha.

Aliyetapeliwa na anataka kumdukua tapeli. Huyu ana hasira ya haki, lakini njia aliyoichagua itamfanya naye awe mshitakiwa. Aelekezwe kupiga simu mara moja kwa kampuni ya simu ili muamala uzuiwe kama bado inawezekana, kisha aende polisi achukue RB. Meseji ya kitapeli na namba iliyoituma vitumwe kwenda 15040.

Mjane anayetaka fedha zilizo kwenye simu ya marehemu. Hili ni gumu, kwa kuwa watoto wanaweza kuwa na njaa. Lakini ndugu wengine nao wana haki, na kubahatisha namba ya siri kunaweza kuzaa kesi ndani ya ukoo. Njia iliyo salama ni Mahakama ya Mwanzo imteue msimamizi wa mirathi, kisha kampuni ifuatwe na nyaraka. Hapa kamati isiishie kumwambia “nenda mahakamani”. Imsindikize, na familia isaidiwe chakula wakati wa kusubiri.

Mwanafunzi anayeuliza wezi wanafanyaje. Huyu ajibiwe. Aelezwe kwamba utapeli mwingi hapa kwetu hauhitaji kompyuta: ni maneno matamu, haraka, na ombi la namba ya siri. Afundishwe *106# ili aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akitaka kujaribu kuvunja ulinzi, ajaribu kwenye vifaa vyake au vya darasa, mwalimu akiwepo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila haki. Ilipotungwa iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 3 au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Inamgusa pia anayegawa nywila au programu iliyotengenezwa kwa ajili ya kutenda kosa. Nayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kijana akumbuke kuwa picha na meseji anazoziona wakati wa matengenezo si mali yake.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Tunaziomba kamati zenye mafunzo ya ufundi zifanye mambo manne. Ziwe na daftari la kupokea simu, lenye jina la mteja, namba ya IMEI na sahihi. Kanuni zibandikwe ukutani zisomeke na wateja pia. Kazi ya kutoa loki ishuhudiwe na watu wawili. Na kijana afundishwe namna ya kukataa: bila kumwita mteja mwizi, bila kumwaibisha mbele za watu, na bila kumpa nusu ya jibu.

Wafadhili nao wasihesabu tu idadi ya vijana waliohitimu. Waulize pia wangapi wanaaminiwa na wateja wao. Vifaa vya ufundi bila saa za kufundisha maadili ni kumpa mtu panga bila kumwonesha shamba.

Tunajua kukataa kuna gharama. Kijana anayeanza maisha akiikataa kazi ya shilingi elfu 20, siku hiyo huenda akalala na nauli tu. Ndiyo maana mzigo huu tusimwachie peke yake. Kamati ikimletea kazi halali za parokia, shule na zahanati, atakuwa na nguvu ya kusema hapana.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika eneo letu, nani humsaidia aliyetapeliwa kufika polisi na kwenye kampuni ya simu?
2. Mzazi anataka kukagua simu ya mtoto wa miaka 12. Je, yale maswali matatu yanatupa jibu gani? Na akiwa na miaka 19?
3. Tutamtegemeza vipi fundi kijana aliyekataa kazi chafu?