Mkandarasi kapotea, vumbi tunalo

SWALI: Barabara kuu inayopita kijijini kwetu ilichimbuliwa mwaka juzi. Greda limeegeshwa, mkandarasi haonekani, sisi tunakula vumbi la mchepuko. Tumlilie nani?

JIBU: Pole sana, ndugu msomaji. Kwa Tanzania Bara, barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Za wilaya, vijijini na mitaani ni za TARURA tangu 2017. Kwa hiyo barua yenu iende kwa meneja wa TANROADS wa mkoa, nakala kwa mbunge.

Greda kulala mara nyingi ni habari ya fedha. Mkandarasi hupeleka hati ya malipo, mhandisi mshauri huipima na kuithibitisha, kisha inasubiri. Ikichelewa kupita muda wa mkataba, riba huanza kuhesabika, na mkandarasi anaweza kupunguza kasi au kusimamisha kazi kihalali. Riba hiyo inalipwa na wewe, mlipa kodi. Wapo pia wakandarasi waliojitwisha kazi wasizoziweza; hao sina cha kuwatetea.

Wakati huohuo mvua hainyeshi kwa kufuata mkataba. Tabaka la kifusi lililoshindiliwa likiachwa wazi msimu mmoja, hulowa, hulainika, magurudumu yakachora mifereji; itabidi likwanguliwe, lishindiliwe upya. Piteni mkaangalie makalavati: yakiwa yamejaa mchanga, pigeni picha, andikeni tarehe, muambatanishe. Na ulizeni swali moja la moja kwa moja: hati ya mwisho ililipwa lini?