UZAZI UNAMHUSU NA BABA



Somo letu la leo ni juu ya uzazi salama. Akina baba, tafadhali msifunge gazeti. Najua wengi wetu tumezoea kusema, "Mambo ya uzazi ni ya wanawake." Leo tuyapime maneno hayo.

Tuchukue mfano. Ni usiku, wakati wa masika. Mama amejifungua nyumbani. Mtoto amelia, watu wamefurahi. Lakini damu ya mama haikati. Khanga ya kwanza imelowa. Ya pili nayo imelowa. Mama mkwe anasema, "Tumngoje mwenye nyumba." Mwenye nyumba yuko wapi? Yuko kilabuni. Fedha ziko wapi? Anajua yeye mwenyewe. Anatafutwa, anapatikana, sasa usafiri hakuna. Kunakucha. Mama hayupo tena.

Je, mama huyu ameuawa na nini? Utasema ni damu. Ni kweli. Mama anayetoka damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa katika muda wa saa chache tu. Lakini ameuawa pia na kungoja. Wazee walisema: Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kuchelewa huko ni kwa namna tatu:
1. Kuchelewa kuamua kwenda.
2. Kuchelewa kufika.
3. Kuchelewa kutibiwa baada ya kufika.

Namna ya tatu iko mikononi mwa serikali na wahudumu wa afya. Namna mbili za kwanza zinaanzia nyumbani kwetu. Na katika nyumba nyingi, anayeamua na anayeshika fedha ni baba. Basi baba asipojua dalili za hatari, nyumba nzima imo gizani.

DALILI ZA HATARI

Mpeleke mama hospitali mara moja ukiona:
- anatoka damu wakati wa mimba, au damu nyingi baada ya kujifungua;
- kichwa kinamwuma sana na macho hayaoni vizuri;
- uso na mikono vimevimba;
- anapata degedege;
- ana homa kali;
- chupa imepasuka kabla ya uchungu kuanza;
- mtoto tumboni hachezi kama kawaida;
- uchungu umezidi saa 12 na mtoto hajazaliwa.

BABA AFANYE NINI?

Kwanza, aende kliniki pamoja na mkewe, ikiwa mkewe anapenda. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama mjamzito aonwe na mhudumu wa afya mara 8 au zaidi. Mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 ya mimba. Huko mama hupewa vidonge vya kuongeza damu na, penye malaria nyingi, dawa ya kuikinga. Mume na mke wapimwe virusi vya UKIMWI na kaswende. Mke akitibiwa kaswende na mume asitibiwe, mume anaweza kumwambukiza tena.

Lakini tuelewane. Mama aliyekwenda peke yake naye ana haki ya kuhudumiwa. Asirudishwe nyumbani eti hana mume.

Pili, ampunguzie kazi nzito. Maji, kuni na jembe vinamchosha mjamzito. Wengine wataona mwanamume kabeba ndoo, watacheka, "Huyu kalishwa limbwata!" Waache wacheke. Ndoo haimpunguzii mtu uanaume. Kaburi la mke ndilo linalopunguza nyumba.

Tatu, aweke akiba mapema. Haba na haba hujaza kibaba. Apatane na mwenye pikipiki au gari kabla ya siku kufika. Atafute pia ndugu walio tayari kutoa damu ikihitajika.

Nne, na hili ndilo kubwa, aache neno. Amwambie mkewe mbele ya wazazi: "Ukiona dalili ya hatari na mimi sipo, usiningoje. Fedha ziko mahali fulani. Nenda." Neno hilo halina gharama. Lakini laiti lingesemwa katika ile nyumba ya mfano wetu, huenda mtoto yule angekuwa na mama leo.

NA WATOTO WA KIUME?

Samaki mkunje angali mbichi. Kijana anayemwona baba yake akichota maji na kumsindikiza mama kliniki, naye kesho atafanya hivyo bila aibu. Anayeambiwa kila siku, "Hiyo ni kazi ya dada yako," atangoja kilabuni kama yule bwana.

Mwaka 1973, hapa Tanzania, watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kujifunza kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Nasi tufanye hivyo: tusome, tujadiliane, tutende.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwenu nani anaamua mgonjwa apelekwe hospitali? Asipokuwepo inakuwaje?
2. Taja dalili 4 za hatari bila kutazama gazeti.
3. Usiku wa manane, usafiri utapatikana wapi? Kwa fedha gani?
4. Wewe baba, lile neno umekwisha kulisema? Kama bado, utalisema lini?