Baba Naye Ana Kifua: Kumfunga Njiti kwa Doti ya Khanga

Mdogo wangu alizuiwa mlangoni mwa wodi ya watoto njiti akiwa ameshaoga, amekata kucha, amevaa shati la vifungo mbele kama nilivyomwagiza. Mlinzi akamwambia saa ya kuona wagonjwa bado. Lakini hakuja kuona mgonjwa, alikuja kumbeba mwanawe. Wifi alikuwa amepasuliwa usiku ule kwa kifafa cha mimba, na presha ilikuwa haijashuka. Mtoto wa kilo 1.6 yumo ndani, mama hawezi hata kuketi, na baba mwenye kifua kizima anasimamishwa nje! Nilikasirika, na nikikumbuka bado nakasirika.

Nikamtafuta sista wa zamu. Nikamwamkia, nikamweleza kwamba mwanangu mwenyewe alikuwa njiti na kwamba nitasimama hapo kumsaidia mdogo wangu. Sista akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaita: "Baba mtoto, njoo unawe mikono." Mungu ambariki.

Wanaosema haya ni mambo ya wanawake wajue yalikotoka. Huduma ya kangaroo, yaani kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale Dkt. Edgar Rey Sanabria alipokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Joto la mwili wa binadamu ndilo lililohitajika. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania: watoto waliobebwa ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja kwanza watengemae, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mama asipoweza, ndugu alimshikia zamu.

Sasa hatua. Ya kwanza ni nepi, kofia, soksi, kifua kitupu: hayo nesi atakuonyesha. Mipira ya dripu na ya kulishia usiiguse, ni kazi yake.

Hatua ya pili ni nguo ya kufungia, na hapa nina neno na wauzaji. Mama yake wifi aliuziwa Kariakoo kibebeo chenye mikanda na vishikizo vya plastiki, akaambiwa ni maalumu kwa kangaroo. Si kweli. Kile kimeshonewa mtoto aliyekwisha kukaza shingo. Njiti anazama ndani, pua huioni. Nilikirudisha mwenyewe, na muuzaji akatoa fedha baada ya mabishano marefu. Usinunue. Chukua doti ya khanga kuukuu, pamba tupu, iliyofuliwa mpaka ikalainika. Khanga mpya ni kavu na inateleza.

Shida ya kifua cha baba ni kwamba mtoto hushuka. Ukikaza khanga ili asishuke, unambana tumbo, na njiti hupumulia tumbo. Dawa yake niliipata kwa mwanangu, wakati baba yake alipokuwa akinipokea: tumia vipande vyote viwili vya doti.

Cha kwanza kikunje kwa urefu mpaka kiwe mkanda wa upana wa kiganja. Mfunge baba kiunoni, juu kidogo ya kitovu. Nesi akimweka mtoto wima kifuani, miguu imekunjwa kama ya chura, makalio yakae juu ya mkanda huo. Uzito wake umeshapata pa kutua, kwa hiyo kipande cha pili hakina haja ya kubana. Kikunje mara moja kwa urefu, kipite mgongoni mwa mtoto, ukingo wa juu uishie chini ya sikio. Usimweke katikati ya khanga: ncha moja iwe ndefu, ili fundo lije ubavuni kwa baba, chini ya kwapa. Fundo likiwa mgongoni, baba akiegemea linamchoma, atainama mbele, na shingo ya mtoto itakunjika. Kaza penye kifua cha mtoto, penye tumbo legeza. Uso ugeuzwe upande, kidevu kisiguse kifua, pua na mdomo uvione muda wote. Kisha baba asimame taratibu, viganja vikiwa chini ya mtoto. Asiposhuka hata kidogo, umefunga.

Mdogo wangu alisimama, na mtoto hakushuka. Alikaa naye mchana kutwa, ameegemea, hasemi na mtu. Jioni sista akaniomba niwaonyeshe na akina baba wengine, na mlango ukawa wazi kwao.

Shirika la Afya Duniani linataka saa 8 mpaka 24 kwa siku. Kila mkao usipungue saa nzima, kwani kumtoa na kumrudisha kunamchosha. Saa hizo hazipatikani kwa mtu mmoja, tena mwenye kidonda cha upasuaji. Baba, bibi, shangazi, pangeni zamu. Anayebeba aletewe uji na maji, asiulizwe habari za nyumbani.

Mkiruhusiwa kurudi nyumbani, msimlaze kitandani mkadhani yamekwisha. Endeleeni kumfunga mpaka afike kilo 2.5, au mpaka mwenyewe aanze kurusha miguu na kukataa. Na mgeni akija akiuliza asaidie nini, mpeni khanga afue.