Panya Anayemkataa Mgeni

Je, umewahi kumsikia rafiki yako akisema, "Yaani mimi kwa fulani nimekufa, nimeoza"? Tumezoea kusema ni mambo ya moyo. Lakini kazi kubwa inafanyika kichwani, na wataalamu wameichunguza kwa panya. Si yule wa jikoni kwenu!

Huyu anaitwa Microtus ochrogaster, anaishi kwenye mbuga za Marekani. Dume na jike wakishapandana hukaa kiota kimoja na kulea watoto wote wawili. Utajuaje kama amechagua? Mwenzi wake anafungwa kamba upande mmoja wa kisanduku, mgeni upande mwingine. Yeye anaachwa huru kwa saa 3. Anayekaa naye ubavu kwa ubavu muda mrefu zaidi ndiye chaguo lake.

Wakati wa kupandana, sehemu ya ubongo inayohusika na raha hupata dopamini, ileile inayotoka ukila chakula kitamu. Ni kama ubongo unaambiwa: hiki kizuri, kikumbuke. Dopamini huingia kwa milango. Mwaka 2000 watafiti waliuziba mlango uitwao D2 kwa majike. Walipandana kama kawaida, lakini mwenzi na mgeni wakawa sawa tu kwao. Walipouamsha kwa dawa, jike alimchagua dume hata bila kupandana.

Mlango D1 kazi yake ni kinyume. Dume akishazoeana na mwenzi wake, milango hii huongezeka. Jike mgeni akisogea anafukuzwa kwa meno. (Usije ukamsifu sana, lakini. Vipimo vya vinasaba vimeonyesha baadhi ya watoto kiotani si wake.)

Sasa sikia hili. Mwaka 2010 madume ambao hawajapata mwenzi walipewa amfetamini, dawa ya kulevya inayomwaga dopamini nyingi. Baadaye wakawekwa na majike, wakapandana, lakini hawakumchagua yeyote. Kumbe dawa ilishaongeza milango ya D1 mapema, ubongo ukafunga kabla mwenzi hajaingia! D1 ilipozibwa, wakaweza tena kuchagua.

Panya si mtu, sawa. Ila dopamini ni ileile, na kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi ya mirungi ni ndugu wa karibu wa amfetamini.